Nia ya Mwana wa Maskini na Mlango wa Chuo Kikuu





Tarehe 25 Julai Mama Kanisa huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume. Injili isomwayo siku hiyo ni ile ya Mathayo 20:20-28, ambamo mama wa wana wa Zebedayo anamjia Bwana, anasujudu, na kuwaombea wanawe wawili nafasi: mmoja kuume na mwingine kushoto katika Ufalme wake. Sikukuu hiyo huangukia katika majuma ambayo nyumba nyingi hapa Tanzania hazipati usingizi. Matokeo ya kidato cha sita yamekwisha kutoka, vyuo vikuu vinapokea maombi, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imefungua dirisha lake. Akina mama wanaofanana sana na yule wa Injili hufika katika ofisi za parokia wakiwa na bahasha mkononi, na ombi lao ni moja: mtoto amefaulu, sasa tufanyeje?

Juma hili tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya swali ambalo kamati za elimu, za parokia na za wafadhili mbalimbali, hupenda kumwuliza kijana anayeomba msaada: "Kwa nini unataka kusoma chuo kikuu?" Kijana akijibu kwamba anataka kuitumikia jamii, wajumbe hutikisa vichwa kwa kuridhika. Akijibu kwamba anataka kazi nzuri na maisha mazuri, kalamu husita. Maoni yetu ni kwamba swali hilo ni jema sana, lakini limewekwa mahali pasipo pake. Likiwekwa mlangoni, kama ungo wa kuwachekecha wanaostahili kuingia, linageuka kuwa dhuluma. Tena dhuluma inayovaa kanzu nyeupe.

Turudi kwanza kwenye Injili. Ombi la mama yule halikuwa safi. Alitaka ukubwa kwa ajili ya wanawe, na wanawe walitaka vivyo hivyo, kwa maana Bwana alipowauliza kama wanaweza kukinywea kikombe chake walijibu upesi mno kwamba wanaweza. Hata hivyo Bwana hakuwafukuza. Hakusema kwamba kwa kuwa nia yao imechanganyika na tamaa ya vyeo, basi nafasi yao katika wale Kumi na Wawili wapewe wengine. Aliwaambia kwamba hawajui wanachokiomba, kisha akawaweka karibu na kuwafundisha kwamba mkubwa ni yule anayetumikia. Yakobo huyohuyo ndiye aliyekuja kuuawa kwa upanga wa Herode, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume 12:2. Nia yake haikuwa safi alipoingia, ilisafishwa njiani.

Tena tusipite haraka ule mstari wa 24. Wale kumi waliposikia, waliwakasirikia ndugu hao wawili. Mababa wa Kanisa walikwisha kutambua kwamba hasira hiyo haikutokana na utakatifu. Waliudhika kwa sababu nao walikuwa na hamu ileile, ila wenzao walitangulia kuisema. Ni vema kulikumbuka hilo kila tunapoketi mezani kupima nia za vijana.

Katika mojawapo ya vikao vya namna hiyo tulivyopata kuhudhuria, barua za waombaji zilisomwa moja baada ya nyingine, na karibu zote zilifanana. Kila mwombaji alitaka kuwa daktari ili awatibu wanakijiji bure, au mwalimu ili awafundishe yatima, au mwanasheria ili awatetee wajane. Barua moja tu ilikuwa tofauti. Binti mmoja aliandika kwamba anataka kusomea uhasibu kwa sababu baba yake ni mgonjwa, nyumba yao inavuja, wadogo zake ni wanne, naye amesikia kwamba wahasibu hawakosi kazi. Mjumbe mmoja, mtu mwema na mcha Mungu, alisema: "Huyu anajifikiria yeye mwenyewe." Tuliuliza: je, baba mgonjwa na wadogo wanne ni "yeye mwenyewe"? Kikao kilinyamaza kwa muda. Tuliona pia jambo jingine lililotusikitisha zaidi: binti yule nusura aadhibiwe kwa kusema kweli, ilhali wenzake walikuwa wakituzwa kwa kujua maneno ambayo wenye fedha hupenda kuyasikia.

Hapo ndipo ulipo ubovu wa kipimo chenyewe. Nia ya mtu haionekani kwa macho. Mungu peke yake ndiye achunguzaye moyo. Sisi huona barua tu. Na barua nzuri huandikwa na yule aliyefundishwa kuiandika: mtoto aliyesoma shule yenye walimu wa kutosha, au mwenye mjomba aliyewahi kuomba ufadhili kabla yake. Kwa hiyo kipimo tunachodhani kwamba kinapima moyo huishia kupima ufasaha, nao ufasaha hugawanywa duniani kwa kufuata mfuko wa mzazi. Waswahili wasemapo kwamba mwenye njaa hana miiko, hawamtukani mwenye njaa. Wanamwonya aliyeshiba asimhukumu haraka.

Kuna jambo la pili. Mwana wa tajiri haulizwi swali hili hata siku moja. Baba yake hulipa ada, naye huingia. Akisema kwamba anasomea biashara ili awe tajiri zaidi ya baba yake, watu hucheka na kumwita kijana mwenye malengo. Mwana wa maskini akisema nusu ya maneno hayo, huitwa mwenye tamaa. Mtakatifu Yakobo mwingine, yule aliyeandika waraka, aliwakemea Wakristo waliompa kiti kizuri mtu mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame kule pembeni (Yak 2:1-4). Kumdai maskini utakatifu kama nauli ya kuingilia chuoni, huku tajiri akiingia kwa fedha tu, ni kuendeleza upendeleo uleule kwa namna nyingine.

Tunajua kwamba wapo watakaotujibu kwa hoja nzito, nayo inastahili kusikilizwa. Watasema: "Baba, mfuko wetu ni mdogo. Fedha hizi ni sadaka za wajane na za wakulima wa mahindi. Tutawezaje kumpa mtu atakayesoma, akapata kazi mjini, na asikumbuke hata jina la kigango chake?" Hoja hii si ngeni katika nchi yetu. Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, ambaye mwenyewe alikwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, aliisema vizuri kuliko sote katika miaka ya 1960. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kukiletea kijiji chakula. Asiporudi, alisema, huyo ni msaliti. Mfano huo una ukweli wa Kiinjili ndani yake, nasi tunaukubali wote.

Lakini tuangalie pia yaliyotokea pale taifa lilipojaribu kuipima nia hiyo kwa sheria na taratibu. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wasomi. Mwalimu alikasirika, akawafukuza wanafunzi karibu 400. Na siku hiyohiyo, kwa kutambua kwamba mfano mbaya ulianzia juu, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisha mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa afanye kazi kwanza, na apate mapendekezo ya kazini kwake na ya chama kuhusu mwenendo wake, ndipo aombe chuo kikuu. Nia ya azimio hilo ilikuwa njema: kumpata msomi aliyekomaa na anayejua jasho la wenzake. Hata hivyo matokeo mojawapo ni kwamba idadi ya wasichana walioingia chuoni ilishuka, kwa maana katika miaka ile ya kungoja wengi waliolewa au kuanza malezi. Na haikuchukua muda mrefu wasichana wakaruhusiwa kwenda chuoni moja kwa moja. Tunajifunza nini? Kwamba ungo uliotengenezwa ili kuchekecha tabia unaweza kumwangusha mtu kwa sababu isiyohusiana kabisa na tabia yake. Aliyeanguka mara nyingi ni yule aliyekuwa dhaifu tangu mwanzo.

Basi kama nia si ungo wa mlangoni, tutazame nini mlangoni? Tunajibu: tuutazame mlango wenyewe, na ngazi zinazoupandia. Swali la haki kwa kijana maskini si "Kwa nini unataka kuingia?" bali "Ni kitu gani kinakuzuia kuingia?"

Ni haki tukiri kwamba mengi yamefanyika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Leo vyuo vikuu vimeenea katika mikoa mingi, vikiwemo vya Kanisa, kama Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichoanzishwa na Maaskofu wetu mwaka 1998 huko Mwanza. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Ada iliondolewa katika shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka wa masomo 2022/2023. Mwaka huohuo wa masomo ukaanzishwa ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru viongozi.

Lakini hebu tumfuate kijana mmoja kutoka kijijini hatua kwa hatua. Ili aombe mkopo anapaswa kulipa ada ya maombi ya shilingi 30,000, ambayo haimrudii hata akikosa. Anapaswa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Na kama ni yatima, cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa vilevile. Wangapi katika vijiji vyetu walizikwa, wakasomewa misa, wakalimiwa matanga, na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo chao? Mtoto huyo ni yatima mbele ya kanisa zima na mbele ya kaburi, lakini mbele ya karatasi bado ana baba. Kisha anahitaji mdhamini, saini ya serikali ya mtaa au kijiji, na muhuri wa kamishna wa viapo, ambaye huenda yuko makao makuu ya wilaya. Maombi yenyewe hufanywa kwa intaneti. Hivyo hulipa nauli hadi mjini, akamlipa kijana wa steshenari ampigie taipu, na akikosea herufi moja ya jina, hurudi tena. Hakuna hata moja ya hatua hizi iliyowekwa kwa ubaya. Zipo ili fedha ya umma isiibiwe. Ila zikijumlishwa, mzigo wake ni mwepesi kwa aliyenacho na ni mzito kwa yule ambaye mkopo wenyewe uliwekwa kwa ajili yake.

Zipo na ngazi za mbali zaidi, zilizoanza miaka mingi kabla ya barua ya maombi. Tunasema ufadhili apewe aliyefaulu zaidi, na ni kweli kwamba bidii yastahili heshima. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 26, linataka elimu ya juu iwe wazi kwa wote kwa usawa kwa kadiri ya kustahili kwao. Lakini "kustahili" kuna historia. Kijana aliyesoma Fizikia kwa kutazama mchoro wa chombo ubaoni, na mwenzake aliyekishika chombo hicho kila juma maabarani, wanapofanya mtihani mmoja, alama zao haziwezi kusomwa kana kwamba walianza mbio mstari mmoja. Daraja la pili la yule wa kwanza huenda limegharimu jasho zaidi kuliko daraja la kwanza la yule wa pili.

Na hapa hatuwezi kuwanyoshea wengine kidole tukaacha nyumba yetu. Shule za Kanisa husifiwa kila matokeo yatokapo, nasi hufurahi. Lakini tujiulize ni watoto wa nani wanaosoma humo. Waanzilishi wa shule nyingi za misioni walizijenga kwa ajili ya watoto wa watu wasio na kitu. Leo ada ya baadhi ya shule hizo inazidi mapato ya mwaka mzima ya mkulima anayeishi ng'ambo ya uzio wake, na anayetoa mahindi yake kwa zaka. Tunajua gharama: walimu lazima walipwe, umeme na chakula havipatikani kwa sala peke yake. Hata hivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulitaka wanafunzi wenye vipaji lakini wasio na mali, hasa wa mataifa machanga, wafanyiwe wepesi wa kufika elimu ya juu. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika hati yake ya mwaka 1990 juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, alivikumbusha kuwafungulia mlango maskini na wale waliozoea kunyimwa nafasi. Si haki kuisoma barua ya kijana maskini kwa ukali huku hati hizo tukizisoma kwa upole.

Je, basi nia haina maana? Hasha. Ina maana kuu, lakini wakati wake ni wa malezi na wa matunda, na deni lake ni la wote. Kila aliyesoma chuo kikuu cha umma, mwana wa tajiri kwa mwana wa maskini, amekula chakula cha kijiji kile cha mfano wa Mwalimu, maana ada aliyolipa mzazi haikujenga kumbi za mihadhara wala haikuwasomesha maprofesa. Kwa hiyo wito wa kutumikia usiwe kodi ya maskini peke yao. Tuwaulize wote, tena tuwaulize kila mwaka, tuwatembelee vyuoni, tuwape viongozi wa kiroho, tuwaonyeshe kwa mifano hai kwamba ofisa asiyepokea rushwa anaweza kuishi na kulala usingizi.

Na kwa wale waliokwisha kupanda ngazi, neno letu ni fupi. Aliyekopeshwa na Bodi arudishe. Wapo waliokuwa wakilalamika juu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji. Hayo yaliondolewa mwaka 2021. Twajua kwamba makato ya asilimia 15 ya mshahara yanauma kwa mwajiriwa mpya anayelipa kodi ya nyumba na kuwatazama wazazi. Lakini fedha hiyo ndiyo ada ya mdogo wako usiyemjua. Anayejificha asilipe, huku akihudhuria misa ya shukrani kwa kuhitimu, amefunga mlango nyuma yake.

Baada ya kusema hayo, tungependa kuweka mbele ya halmashauri za walei, jumuiya ndogondogo na kamati za elimu mambo manne, madogo lakini yawezekanayo.

Kwanza, katika fomu zetu za msaada, swali la "kwa nini" liondolewe katika alama. Mahali pake liwekwe swali la vikwazo: nani anakulea, ulisoma wapi, umbali gani, nini kimebaki. Majibu ya maswali hayo jumuiya inaweza kuyathibitisha, kwa sababu inamfahamu mtoto na nyumba yake. Yule binti wa uhasibu angepita mlango huo bila kulazimika kujifanya malaika.

Pili, vitabu vya ubatizo vifanye kazi. Cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo vinavyomsaidia mtu kuandikisha kuzaliwa alikochelewa. Tusingoje mtoto afike kidato cha sita. Makatekista na viongozi wa jumuiya waulize tangu mafundisho ya Kipaimara: nani hana cheti cha kuzaliwa? Na kila mazishi yakiisha, mtu mmoja apewe kazi ya kuisindikiza familia hadi kifo kiandikishwe.

Tatu, mifuko yetu midogo ilenge matundu madogo yanayozamisha mtumbwi. Parokia haiwezi kulipa ada ya chuo kwa miaka mitatu kwa vijana kumi. Inaweza kulipa shilingi 30,000 za maombi, nauli ya kwenda wilayani, na chakula cha majuma ya kwanza chuoni kabla fedha za kujikimu, zile ambazo wanafunzi huziita bumu, hazijaingia. Wapo walioacha nafasi waliyoipata kwa kukosa hicho kidogo.

Nne, wahitimu waliotoka parokia zetu, popote walipo, waombwe kurudisha kitu: fedha, au Jumamosi moja ya kuwasaidia wadogo zao kujaza maombi kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia. Wakija kwa sababu ya kupenda sifa, waje tu. Bwana aliwapokea wana wa Zebedayo wakiwa hivyo, akawafundisha kazini.

Ndugu wapendwa, akina mama wenye bahasha watazidi kuja. Wengine watataka wana wao wawe wakubwa, na wengine watataka tu paa lisilovuja. Mungu atazipima nia zao, nasi tuwe tayari kuhukumiwa kwa jinsi tulivyoushika mlango.

Mtakatifu Yakobo Mtume, utuombee.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akitujalia uzima. Amani ya Bwana iwe nanyi.